Lebo za unga wa lishe zinachanganyika mezani: tuzidhibiti vipi kuanzia kwa mchapaji hadi kwenye pakiti?

DadaUbora_Pongwe aliuliza:

Ndugu zangu wa viwanda vidogo, habari za kazi. Ninasimamia ubora katika kiwanda kidogo cha kusaga na kufungasha vyakula hapa Tanga, upande wa Pongwe. Bidhaa yetu kubwa ni unga wa lishe wa aina mbili. Wa kwanza una mahindi, ulezi, soya na karanga. Wa pili ni wa ulezi na mchele peke yake, na tuliuanzisha kwa makusudi kwa ajili ya familia zenye watoto ambao miili yao haivumilii karanga. Aina hizi mbili husagwa siku tofauti na mashine huoshwa katikati, kwa hiyo upande wa usagaji sina hofu kubwa. Hofu yangu iko kwenye lebo.

Majuzi mwenye duka mmoja wa Ngamiani alitupigia simu kwamba mteja wake, mama wa mtoto mdogo, amefungua pakiti yenye lebo ya ulezi na mchele akasikia harufu ya karanga kabla hajakoroga uji. Tulipoifuata pakiti ile tukakuta ni kweli: unga ulikuwa ule wenye karanga, lebo ilikuwa ya ule mwingine. Mtoto hakuula, namshukuru Mungu, na tuliondoa madukani toleo zima la siku ile. Hata hivyo, mtoto mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kubanwa pumzi ndani ya dakika chache, na mama yake angekuwa amemlisha kwa kuiamini karatasi tuliyoibandika sisi. Sitaki jambo hili liishie kwenye kikao cha kuwaambia wafanyakazi wawe waangalifu, kwa sababu wao ni waangalifu tayari na wengi wao ni akina mama wenye watoto wa umri huohuo.

Utaratibu wetu ni huu. Lebo zinachapwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, zikiwa katika marolo. Zinakaa kwenye kabati la ofisi pamoja na vitabu vya risiti, na anayeanza zamu huchukua rolo analolihitaji. Tunabandika lebo kwenye pakiti tupu kabla ya kujaza, kwa sababu pakiti ikishajazwa vumbi la unga huganda juu yake na lebo haishiki. Lebo zote mbili zina rangi ya kahawia na kijani, kwa kuwa mbunifu alitaka bidhaa zetu zifanane na kutambulika kuwa ni za nyumba moja. Zaidi ya hayo, lipo boksi la lebo za zamani zenye namba ya simu ambayo hatuitumii tena, na mwenye kiwanda anaona ni hasara kuzitupa.

Naomba mwenye uzoefu anieleze ni nani anayepaswa kuzishika lebo, tuzihesabu vipi bila kukwamisha kazi, na kama kweli tunahitaji mashine ya gharama au tunaweza kulitatua jambo hili kwa mikono yetu tuliyo nayo.

---

MstaafuKiwandani alijibu:

Dada, pole kwa mtihani huo, na umefanya vema kuliondoa toleo lote badala ya kubahatisha. Nimefanya kazi ya udhibiti wa ubora kwenye viwanda vya dawa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na huko lebo iliyokosewa huhesabiwa kuwa kosa la uzito uleule wa dawa iliyokosewa. Chakula cha mtoto mwenye mzio kinastahili ukali huohuo. Kiwango cha mwaka 1985 cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinazitaja karanga miongoni mwa vitu ambavyo lazima vitangazwe kwenye lebo wakati wote, hata kama kiasi chake ni kidogo, na bidhaa yenu ya kwanza inazo.

Nimeisoma hadithi yako mara mbili, na jicho langu linarudi kwenye sentensi moja: mnabandika lebo kwenye pakiti tupu kabla ya kujaza. Sababu yenu ni ya kweli, wala siwalaumu, kwa maana gundi haishiki juu ya vumbi. Lakini tazama kinachotokea zamu inapofika mwisho. Mmebandika pakiti kadhaa, unga umekwisha kabla ya pakiti kwisha, na zimebaki pakiti tupu zenye lebo. Mtu mwema hawezi kuzitupa. Anazitia kwenye kikapu chini ya meza ili zitumike siku nyingine. Siku ya pili unga unaojazwa ni mwingine, pakiti zilizoandaliwa zinapungua, mkono unashuka kwenye kikapu. Nenda kesho asubuhi ukaangalie chini ya meza, juu ya kabati na nyuma ya mizani. Nitashangaa usipozikuta.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni kwamba pakiti tupu yenye lebo si kifungashio tena. Tangu lebo inapoigusa, hiyo ni nusu ya bidhaa, na inapaswa kuhesabiwa, kuandikwa na kufungiwa kama mnavyofanya kwa unga wenyewe. Mkiona inawezekana, andaeni kila siku idadi inayolingana na unga uliosagwa na kupimwa: kama kuna kilo 300 za unga na pakiti ni ya kilo moja, ziandaliwe pakiti 300 na chache za akiba ambazo idadi yake imeandikwa. Zinazobaki zisilale mezani. Ama zirudi stoo kwenye boksi la bidhaa ile likiwa limefungwa na kuandikwa idadi, ama ziharibiwe mbele ya mtu wa pili. Na kama zimekwisha kugongwa muhuri wa tarehe na namba ya toleo, hakuna kurudi stoo. Hizo ni za kuharibiwa, kwa sababu tarehe ile haitakuwa kweli kwa unga mwingine wowote.

La pili ni kusafisha meza kabla ya kuanza bidhaa nyingine, na sisemi kusafisha kwa ufagio tu. Mtu mmoja anaondoa kila kitu cha bidhaa iliyopita: lebo, pakiti, mabaki ya karatasi ya nyuma ya lebo, fomu na maboksi yaliyochapwa. Mtu wa pili, ambaye hakufanya kazi mezani hapo, anakuja kukagua akiwa peke yake na kutia saini kwenye fomu kabla ya rolo jipya kutolewa. Maeneo yanayosahaulika ni yaleyale kila kiwanda: lebo iliyonata chini ya ukingo wa meza, iliyoshikamana na aproni, iliyoingia ndani ya ndoo ya taka isiyomwagwa, na ile moja ya mwisho iliyobaki kwenye kishikio cha rolo. Kagueni hata mikono ya nguo.

La tatu ni hesabu. Anayetoa lebo stoo aandike idadi aliyotoa, na zamu ikiisha mlinganishe. Tuseme zilitolewa 1,000. Zimetumika kwenye pakiti nzuri 962, zimeharibika 21, mbili zimebandikwa kwenye fomu kama kumbukumbu, na 12 zimerudi stoo. Jumla ni 997, kwa hiyo tatu hazijulikani zilipo. Mtazitafuta kabla pakiti hazijatoka nje ya mlango. Wengi hufikiri kupungua ndiyo hatari kubwa. Mimi kuzidi kunanitisha zaidi. Zikitolewa 1,000 na hesabu ya mwisho ikawa 1,004, maana yake lebo nne ziliingia mezani kutoka mahali pasipojulikana, nazo huenda ni za bidhaa nyingine na ziko tayari ndani ya maboksi. Hapo pakiti zote hufunguliwa kutoka kwenye maboksi na kutazamwa moja moja.

Kuhusu mashine, hamuihitaji kwa sasa. Kanuni za Marekani za utengenezaji wa dawa, sehemu ya 211, zilikazwa mwaka 1993 kwa sababu hiihii ya lebo kuchanganyika, hasa zile zinazokatwa mojamoja. Hata hizo, pamoja na ukali wake, zinakubali ukaguzi wa macho pale lebo zinapobandikwa kwa mkono, mradi kila pakiti ikaguliwe na mtu mmoja na kazi hiyo ithibitishwe na mtu wa pili anayejitegemea. Watu wawili mnao.

---

Mchapaji_Chumbageni alijibu:

Nakubaliana na mzee wetu, ila ningependa kuongeza upande wetu wachapaji, kwa kuwa matatizo mengine huzaliwa kwetu na kusafiri hadi kwenu ndani ya boksi lililofungwa vizuri.

Kwanza, rolo la lebo huwa na maungio. Karatasi ikikatika au sehemu ikiharibika kwenye mashine, fundi hukata kipande na kuunga kwa utepe. Mahali hapo ndipo lebo ya kazi nyingine inaweza kuingia, hasa kama bidhaa zako mbili zilichapwa siku moja kwa ukubwa mmoja. Rolo likifika, msitazame lebo ya kwanza ya nje tu. Lizungusheni hadi kwenye kila ungio na mtazame lebo kadhaa kabla na baada yake. Mkiweza, agizeni kwa maandishi kwamba maungio yawekwe utepe wa rangi inayoonekana na kwamba idadi yake iandikwe kwenye kiini cha rolo, yaani lile bomba la katikati. Mchapaji anayejali kazi yake hatakataa.

Pili, kataeni kabisa lebo za bidhaa mbili kuchapwa kwenye karatasi moja kubwa kisha kukatwa na kutenganishwa. Wateja huomba hivyo kwa sababu inapunguza gharama, nami naelewa. Lakini usahihi wa kila lebo unabaki mikononi mwa mtu mmoja anayepanga mafungu mwishoni mwa siku. Kwa unga wenye karanga na usio na karanga, nafuu hiyo haifai.

Tatu ni rangi, na hapa nitasema waziwazi hata kama mbunifu wenu atanuna. Kufanana kwa bidhaa za nyumba moja ni jambo zuri dukani na ni jambo baya mezani. Jina la kiwanda na alama yenu vibaki vilevile, lakini lebo ya unga usio na karanga ipewe rangi kuu tofauti kabisa, na kwenye ukingo wa kila lebo pawe na mstari mpana wa rangi ya bidhaa hiyo unaofika hadi mwisho wa karatasi. Lebo 200 zikiwekwa fungu moja, ukingo wa fungu huonyesha rangi moja. Ikiingia moja ya bidhaa nyingine, inaonekana kama uzi mwembamba wa rangi nyingine ubavuni mwa fungu, hata kwa mtu aliyesimama hatua mbili. Njia hii haigharimu chochote zaidi ya kukubaliana kwenye mchoro, nami huipendekeza kwa kila mteja mwenye bidhaa zaidi ya moja.

Nne, msimbopau, yaani ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani. Kila bidhaa, na kila uzito wa bidhaa hiyo, inapaswa kuwa na namba yake. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika linalosajili misimbopau nchini, huanza na 620, na tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile 12 zilizotangulia, kwa hiyo mtu akikosea tarakimu moja wakati wa kuandika mchoro, mashine itaikataa. Mngeweza kununua kisomeo cha kawaida cha dukani, mkakiunganisha na kompyuta ya ofisini, na pakiti zikapitishwa kabla ya kuingia kwenye boksi. Macho ya mtu aliyetazama pakiti 600 zinazofanana huchoka na kuanza kuona anachokitarajia, kisomeo hakichoki. Msiupunguze msimbo ili nafasi itoshe. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, na haushuki chini ya asilimia 80 ya hapo. Nafasi nyeupe za pembeni zisiguswe na maandishi, na mistari isichapwe kwa rangi nyekundu, kwa kuwa visomeo vingi hutumia mwanga mwekundu na kwao mistari hiyo ni sawa na karatasi tupu.

La mwisho upande wangu ni kuhusu prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa. Prufu isainiwe na mtu mmoja anayejulikana, baada ya kuilinganisha neno kwa neno na nakala kuu, pamoja na viambato, uzito halisi, anuani, alama ya ubora na namba ya leseni. Prufu inayopitishwa kwa kusema kwenye simu "iko poa, chapa" haina mwenyewe siku mambo yakiharibika. Kwenye kona ya lebo pachapwe herufi ndogo za kuonyesha bidhaa na toleo la mchoro, kwa mfano UL-2/03, ili mtunza stoo ajue anashika mchoro upi bila kulazimika kusoma kila neno.

---

Viungo_Muheza alijibu:

Habari zenu nyote. Mimi ninafungasha iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Amani, pamoja na mafuta ya nazi, na tuko watu wachache kuliko ninyi. Ninaheshimu aliyoyasema mzee, ila kuhusu kuhesabu lebo mojamoja kila zamu nina mawazo tofauti kidogo. Kiwanda kidogo kikipewa kazi ya kuhesabu lebo elfu kwa vidole, baada ya muda si mrefu watu wataandika namba inayolingana bila kuhesabu. Fomu zitapendeza na ukweli hautakuwamo.

Sisi tunapima kwa mizani. Tuna mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Tunahesabu lebo 100 pamoja na karatasi yake ya nyuma, tunazipima, tunajua uzito wa lebo moja. Kisha tunapima rolo zima na kutoa uzito wa kiini kitupu. Rolo likitoka stoo linapimwa, likirudi linapimwa, na tofauti inatuambia zimetoka ngapi. Ila pwani yetu hii ina jambo lake. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, na uzito wa lebo 100 uliopimwa wakati wa kaskazi hautakuwa sawa na wakati wa masika. Pimeni upya zile 100 siku hiyohiyo ya kazi, la sivyo mtatafuta lebo ambazo hazijapotea. Kwa pakiti tupu zilizokwisha kubandikwa mizani haitoshi. Hizo zihesabiwe kwa mkono, nazo si nyingi.

Kuhusu mahali pa kuzihifadhi, ziondoeni kwenye kabati la risiti. Sisi tuna kabati la chuma lenye kufuli, ufunguo mmoja uko kwa mtunza stoo na wa pili kwa meneja, na kila bidhaa ina rafu yake yenye lebo moja iliyobandikwa nje. Rolo moja tu la kila bidhaa hutolewa kwa wakati mmoja, na la bidhaa ya pili halitoki mpaka la kwanza limerudi. Marolo yakae ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa, mbali na sakafu na mbali na dirisha. Unyevu wa Tanga na joto vikikutana, gundi huvuja pembeni, marolo yanashikamana, na lebo inaanza kujikunja kabla haijafika kwenye pakiti. Nyinyi mnabandika mapema kwa sababu ya vumbi, lakini je, mmejaribu kubadilisha mpangilio? Pakiti ikijazwa kwa faneli ndefu inayoingia ndani, ikazibwa, kisha ikapanguswa kwa kitambaa kikavu na kupelekwa meza nyingine iliyo mbali na vumbi, lebo inashika vizuri. Sisi tulihamishia ubandikaji chumba cha pili kwa ajili ya unga wa mdalasini, ambao ni mwepesi kuliko unga wenu, na tumeachana kabisa na pakiti tupu zenye lebo.

Msiagize lebo nyingi mno kwa sababu bei ya moja inashuka. Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, yaani Shirika la Viwango, na TFDA yenyewe ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Mwenye stoo iliyojaa lebo za miaka miwili alikuwa na maandishi ya kufikiria upya, na mwenye lebo za miezi minne alikuwa na machache. Mabadiliko ya namna hiyo huja bila kukuuliza umebakiwa na marolo mangapi.

---

DadaUbora_Pongwe aliandika tena:

Shikamoo mzee wangu, na ninyi wengine nawashukuru sana. Tumefuata ushauri wa kuangalia chini ya meza. Kikapu kilikuwapo, na ndani yake mlikuwa na pakiti tupu za bidhaa zote mbili, nyingine zimekwisha kugongwa tarehe. Hakuna aliyeficha kitu; wafanyakazi walidhani wanaokoa mali ya kiwanda, na mwenye kiwanda mwenyewe alikuwa amewasifu kwa kutotupa.

Tumeamua kuhamisha ubandikaji kwenye chumba kilichokuwa cha kuwekea maboksi matupu, na pakiti zitabandikwa baada ya kuzibwa. Mwenye kiwanda amekubali kubadilisha rangi ya lebo ya ulezi na mchele kwenye uchapaji ujao. Yamebaki mawili. Mpaka lebo mpya zije, hizi zinazofanana tutaendelea nazo vipi? Na lile boksi la lebo zenye namba ya simu ya zamani, je, tunaweza kubandika kikaratasi kidogo juu ya namba tukazitumia? Mwenye kiwanda anauliza pia kwa nini tuziharibu kwa saini na mashahidi badala ya kuzitia kwenye taka kama karatasi nyingine.

---

MstaafuKiwandani alijibu:

Marahaba, binti yangu. Mmelishika jambo penyewe.

Kwa kipindi cha kusubiri, tengeni siku. Bidhaa mbili zisibandikwe siku moja, wala asubuhi na jioni. Siku ya ulezi na mchele, rolo la bidhaa yenye karanga lisitoke kwenye kabati kwa sababu yoyote, na ufunguo abaki nao mtu asiyekuwa mezani. Mtunza stoo anapotoa rolo, akate lebo moja, aibandike kwenye fomu ya toleo la siku hiyo karibu na jina la bidhaa lililoandikwa kwa mkono, na msimamizi aitazame hiyo lebo na unga uliopo kabla ya kutia saini. Mwisho wa zamu mkate nyingine kutoka mwisho wa rolo na kuibandika pembeni yake. Mtu akija kuuliza baada ya mwaka, ushahidi uko kwenye karatasi na si kwenye kumbukumbu ya mtu.

Namba ya toleo iandikwe kwenye kila pakiti na katika leja ya mauzo, duka kwa duka. Mnakumbuka mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walivyougua na wengine kufariki kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Yale yalikuwa mahindi ya majumbani, lakini karanga na mahindi ndiyo mazao yanayobeba sumu hiyo, na ndiyo malighafi yenu. Siku mkihitaji kurudisha bidhaa, namba ya toleo ndiyo itakayosema ni maduka yapi yapigiwe simu. Bila hiyo mtarudisha kila kitu, au mtakosa cha kurudisha.

Kuhusu simu ya zamani, kufunika kunawezekana kwa masharti. Kikaratasi kiwe kimechapwa, si kuandikwa kwa kalamu. Kisifunike viambato, uzito, tarehe wala alama ya ubora. Na kazi hiyo ifanyike stoo, kwa hesabu, kabla lebo haijatolewa kwenda mezani, ili mtu wa mezani asiwe na aina mbili za lebo mbele yake. Waulizeni TBS katika ofisi yenu ya kanda kwa maandishi kabla ya kuanza, na jibu mlihifadhi. Lakini boksi lenyewe lichambuliwe kwanza. Kama ndani yake zimo lebo za bidhaa zote mbili, au kama orodha ya viambato kwenye mchoro ule ni ya mapishi ya zamani, msihangaike na kikaratasi, ziharibiwe zote. Na kama ni marolo mawili au matatu tu, gharama ya kuwaweka watu wawili wabandike vikaratasi inaweza kuizidi thamani ya lebo zenyewe. Mpigieni mwenye kiwanda hesabu hiyo, nadhani ataielewa haraka.

---

Mchapaji_Chumbageni alijibu:

Hilo la mashahidi naomba nilijibu mimi, kwa sababu nimeona lebo zikirudi mjini kutoka kwenye taka. Rolo zima lililotupwa jalalani ni mali kwa mtu mwingine. Akipata unga wowote na pakiti za dukani, anayo bidhaa yenye jina lenu, anuani yenu na namba ya leseni yenu, na mama akidhurika mlango utakaogongwa ni wenu. Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, lakini itakapofika madukani, bidhaa ile itakuwa imekwisha kuliwa. Fomu ya uharibifu yenye jina la bidhaa, toleo la mchoro, idadi, tarehe na saini mbili ndiyo itakayowawezesha kusema kwamba mchoro ule haukuwepo tena mikononi mwenu siku ile.

Njia ya kuharibu ni rahisi. Rolo likatwe kwa msumeno au panga kutoka pembeni hadi kwenye kiini, sehemu mbili au tatu, mpaka hakuna lebo nzima iliyobaki. Baada ya hapo vipande vyake havina thamani kwa mtu na vinaweza kwenda kwenye taka za kawaida. Msizichome uwanjani, kwa kuwa gundi na filamu ya plastiki hutoa moshi mbaya na marolo mazito huungua nje tu, ndani yakabaki mazima. Na sisi wachapaji tukumbusheni jambo moja kwenye oda yenu: lebo zilizozidi au zilizoharibika kwetu pia ziharibiwe, nasi tuwaandikie idadi. Ni kawaida ya kazi yetu uchapaji kuzidi au kupungua kwa asilimia fulani, na ziada hiyo isipoulizwa hubaki kwenye rafu za mchapaji. Oda ya lebo mpya ikiwa tayari, leteni nakala kuu iliyosainiwa pamoja na barua ya kufuta mchoro wa zamani, ili sahani zake za kuchapia ziondolewe siku hiyohiyo zinapoingia hizi mpya.